Kamera ya siri katika nyumba ya kulala wageni Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu haki za mgeni

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wanaolala kwa siku chache katika nyumba isiyo yao. Wako jamaa waliokuja Lubumbashi kwa ndoa au kwa kilio, wafanyabiashara wanaotoka Kolwezi au wanaopanda kutoka Kasumbalesa, na wakaaji wa mji wenyewe waliochukua meublé (nyumba yenye samani) au flati huko Golf, Bel-Air au Makutano kupitia komisioneri, yaani dalali wa nyumba, kupitia WhatsApp, au kupitia jukwaa la intaneti kama Airbnb. Neno «mgeni» hapa linamhusu aliyelipa na kila mtu anayelala humo kwa ruhusa yake.

Nimelipa usiku mbili tu. Je, kisheria ninaweza kusema kwamba chumba hicho ni kwangu?

Ndiyo, kwa usiku hizo mbili. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 29 kwamba makao ya mtu hayaingiliwi, na katika kifungu cha 31 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha pamoja na siri ya mawasiliano yake. Vifungu hivyo havimuulizi mtu kama ana hati ya kiwanja wala kama amekaa miezi mingapi. Makao ni pale mtu anapoishi kwa kweli, anapovua nguo, anapolala na anapozungumza na watu wake, na kwa muda uliolipiwa pahali hapo ni chumba cha mgeni.

Upande wa mkataba unafika palepale. Kitabu cha tatu cha Sheria ya Kiraia, ambacho msingi wake ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinamlazimisha mpangishaji kumwacha mpangaji atumie nyumba kwa amani, na kifungu chake cha 33 kinasema kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana na lazima yatekelezwe kwa nia njema. Mwenye nyumba anayepokea pesa yako mchana na kukuchungulia usiku amevunja mapatano hayo, hata kama hamkuandikiana karatasi yoyote na kila kitu kilifanyika kwa ujumbe wa sauti.

Je, kuna kifungu cha sheria ya Kongo kinachotaja kamera ya siri kwa jina?

Sheria ya Adhabu ya tarehe 30 Januari 1940 iliandikwa wakati ambapo kamera ilikuwa sanduku la kubebwa kwa mikono miwili, na haishangazi kwamba haikuwaza kamera inayoingia ndani ya kichwa cha chaja. Wengi wanaposikia hivyo hukata tamaa na kurudi nyumbani, na hilo ni kosa, kwa sababu tendo moja la kumrekodi mgeni kwa siri linagusa sheria kadhaa kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni amri-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile inayoitwa kwa Kifaransa Code du numérique, yaani sheria ya mambo ya kidijitali. Sura ya mtu na sauti yake ni data zinazomtambulisha. Sheria hiyo inadai kwamba data za namna hiyo zikusanywe kwa njia ya halali na ya uaminifu, kwa sababu inayojulikana, na inampa mwenye data haki ya kujua kilichokusanywa, kupinga kitumiwe na kudai kifutwe. Pia inaweka adhabu kwa wanaokiuka masharti yake. Kamera iliyofichwa haiwezi hata siku moja kuitwa ukusanyaji wa uaminifu.

Ya pili ni Sheria ya Adhabu yenyewe. Kifungu cha 175 kinamwadhibu anayeonyesha, anayeuza au anayesambaza picha zinazopingana na maadili mema, na mwenye nyumba aliyewatumia wenzake video ya mgeni akioga anaingia humo. Akidai pesa ili asiisambaze, anaingia katika kosa la kupora kwa vitisho, extorsion, la kifungu cha 84. Kama katika picha kuna mtoto, sheria ya 2009 ya kulinda watoto inaingia kati, nasi tutaizungumzia peke yake hapo chini.

Ya tatu ni kifungu cha 258 cha Kitabu cha tatu cha Sheria ya Kiraia: kila tendo la mtu linalomletea mwenzake hasara linamlazimisha aliyelitenda kwa kosa lake kuilipa. Kifungu hicho hakihitaji kosa la jinai lenye jina. Kinahitaji kosa, hasara, na uhusiano kati ya hivyo viwili.

Ushauri wa vitendo unaotokana na haya ni kwamba, unapoandika mashtaka, usihangaike kutafuta jina la kosa. Eleza matendo: siku, saa, chumba, kifaa, kilikoelekea, nani alikuwa na funguo. Kutafutia tendo jina la kisheria ni kazi ya parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, na baadaye ya hakimu.

Mwenye nyumba anasema kamera ni ya usalama kwa sababu wezi ni wengi. Je, hana haki?

Ana haki ya kulinda mali yake, na hakuna anayeishi Lubumbashi atakayeshangaa kuona kamera juu ya geti, kwenye ukuta wa lupango (kiwanja cha nyumba) au mahali pa kuegesha gari. Kamera ya namna hiyo inakubalika ikiwa inaonekana, ikiwa mgeni ameambiwa kabla hajalipa, na ikiwa jicho lake haliingii dirishani. Kamera ya uani inayotazama moja kwa moja kitanda kupitia kioo ni kamera ya chumbani, hata kama imefungwa nje.

Ndani ya nyumba mambo ni mengine. Airbnb, ambayo zamani iliruhusu kamera sebuleni na kwenye korido mradi zitajwe katika tangazo, ilitangaza mwezi wa Machi 2024 kwamba inazikataza zote ndani ya nyumba, duniani kote, kuanzia tarehe 30 Aprili 2024. Za nje zinabaki kuruhusiwa ikiwa zimetajwa kabla ya mgeni kuchukua nafasi, lakini haziruhusiwi kuangalia ndani wala mahali kama bafu la nje lililozungushiwa ukuta. Ikiwa ulipitia jukwaa hilo, mwenye nyumba alikubali kanuni hizo na unaweza kumshtaki kwa jukwaa lenyewe. Ikiwa ulipitia komisioneri, kanuni za Airbnb hazimfungi mtu, ila wakili wako anaweza kuzionyesha mahakamani kama kipimo cha desturi ya kazi hii.

Kuhusu chumba cha kulala, bafu na choo, sioni sababu ya usalama inayoweza kusimama. Mwizi haingii bafuni kuiba sabuni. Hata karatasi iliyobandikwa mlangoni ikisema «nyumba hii ina kamera» haitoshi, maana ridhaa ni ya kitu kinachojulikana: kamera gani, iko wapi, inarekodi nini, nani anaangalia. Na kifaa kinachonasa sauti kinaongeza uzito wa kosa, kwa kuwa kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda pia siri ya mazungumzo.

Anasema kamera ilikuwepo lakini haikuwa inarekodi.

Ni neno lake, na kifaa ndicho kitakachojibu. Kadi ya kumbukumbu na akaunti ya simu iliyounganishwa na kamera huonyesha kilichofanyika, na parke inaweza kumteua mtaalamu wa kuvichunguza. Zaidi ya hayo, mgeni aliyekuta lenzi inayotazama kitanda amekwisha kupata hasara ya moyoni, iwe kifaa kilikuwa kinafanya kazi au la, na hasara hiyo inaweza kuelezwa mbele ya hakimu wa kiraia.

Nitajuaje kama kuna kamera? Sina chombo chochote cha kupimia.

Anza na macho na akili ya mahali. Jiulize kila kitu kinafanya nini hapo kilipo. Nyumba chache sana za watu katika mji wetu zina kitambua moshi darini. Ukikikuta kimoja tu katika nyumba nzima, nacho kiko juu ya kitanda, sebuleni hakuna na jikoni ambako ndiko moto hutokea hakuna, simama juu ya kiti ukiangalie vizuri. Fanya vivyo hivyo kwa saa ya mezani inayotazama bafu, kwa kichwa cha chaja ambacho hakuna simu inayochajiwa, kwa kisanduku cha televisheni chenye tundu dogo, kwa kioo na kwa kitundu kilichojazwa upya kwa plasta ya rangi tofauti.

Kisha zima taa zote, funga mapazia na upitishe mwanga wa tochi ya simu polepole kila upande huku jicho lako likiwa karibu na tochi. Lenzi, hata ndogo kama punje ya mtama, hurudisha mwanga kwa nukta inayong'aa. Kamera zinazoona gizani hutoa mwanga ambao jicho halioni lakini kamera ya mbele ya simu nyingi huuona: elekeza simu gizani, na ukiona kwenye kioo chake nukta ya zambarau au nyeupe ambayo macho yako hayaioni, sogea karibu. Jaribu kwanza kwa rimoti ya televisheni ili ujue kama simu yako inauona mwanga huo.

Programu zinazoorodhesha vifaa vilivyo kwenye Wi-Fi ya nyumba husaidia, lakini usizitegemee peke yake. Kamera inayoandika kwenye kadi yake ya ndani haionekani kwenye mtandao wowote. Kwetu hapa kuna kipimo kingine ambacho watu wa miji yenye umeme wa kudumu hawana: SNEL, shirika la umeme, ikikata umeme usiku, tulia gizani dakika mbili. Kila kilichozimika kilikuwa kinategemea ukuta. Kinachoendelea kuwaka kina betri au kimeunganishwa na onduleri (kifaa cha kutoa umeme wa betri umeme ukikatika), na una haki ya kuuliza kwa nini mwenye nyumba aliona saa ya mezani inastahili onduleri kuliko friji.

Nimeikuta. Nifanye nini katika saa ya kwanza?

Mwaka uliopita mama mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, alitupigia simu saa nne usiku kutoka flati ya kupanga. Alikuwa ameona kwamba kichwa cha chaja kilichochomekwa karibu na mlango wa bafu kilikuwa cha moto mkononi wakati hakuna waya uliochomekwa ndani yake. Alikipindua, akaona mahali pa kuingiza kadi. Alituuliza, akituita Metre, yaani wakili: «Metre, nikivunje sasa hivi?» Tulimwomba akirudishe ukutani kama kilivyokuwa, atundike taulo mbele yake, na asikiguse tena. Taulo hilo ndilo lililookoa kesi yake, kwa sababu afisa alipofika kesho yake alikikuta kifaa mahali pake, kinafanya kazi, kikiwa kimerekodi mpaka mkono wa mtu aliyekuwa amekiweka.

Kwa hiyo usivunje, usichomoe kadi, na usijaribu kutazama kilichomo kwa kompyuta yako. Kadi iliyopita mikononi mwako itampa wakili wa upande wa pili nafasi ya kusema kwamba wewe ndiwe uliyeweka yaliyomo. Funika lenzi kwa kitu. Piga picha na video ya chumba kizima kwanza, ili ionekane kifaa kiko wapi kuhusu kitanda au bafu, halafu usogee mpaka uone nambari iliyochapwa juu yake. Mwite mtu mzima mwingine aone kwa macho yake, ikiwezekana jirani asiye wa familia yako, na umwandike jina lake na saa.

Kabla hujamwambia mwenye nyumba chochote, hifadhi karatasi za simu, maana tangazo linaweza kutoweka kwa dakika moja. Piga picha ya tangazo, ya mazungumzo yote ya WhatsApp pamoja na nambari, na hasa ya ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Ujumbe huo unataja jina la aliyepokea pesa, na mara nyingi ndio ushahidi pekee unaoonyesha nani alikuwa mpangishaji wa kweli, kwa sababu komisioneri atasema nyumba si yake na mwenye nyumba atasema hakujua kwamba ilipangishwa.

Halafu ita afisa wa polisi ya mahakama, yule tunayemwita OPJ. Kwa kanuni upekuzi wa nyumba haufanywi kabla ya saa kumi na moja alfajiri wala baada ya saa tatu usiku bila ruhusa ya hakimu wa mahakama ya amani, lakini kumbuka kwamba wewe ndiye mkaaji wa chumba hicho kwa sasa: unamkaribisha afisa aone kitu kilichoko kwako. Dai aandike prosè-vèbali, yaani hati rasmi ya polisi, inayosema kifaa kilikutwa wapi, kikielekea wapi, na kwamba amekikamata. Isome kabla ya kutia saini. Kama una uwezo, bayilifu wa mahakama, yaani huissier, anaweza pia kuandika alichokiona, na karatasi yake ina uzito.

Ikiwa unahofia usalama wako, toka kwanza. Uhai unatangulia ushahidi, na picha ulizokwisha kupiga zinatosha kuanzia.

Mashtaka nayapeleka wapi?

Kuna milango mitatu. Unaweza kumwandikia au kumweleza OPJ katika kituo cha polisi cha komini (sehemu ya mji) ulikolala, iwe Kampemba, Ruashi, Katuba au komini ya Lubumbashi yenyewe. Unaweza kupeleka barua ya mashtaka moja kwa moja kwenye parke. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao na nyingine ikurudie ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Na unaweza, bila kungoja parke, kumwita mshtakiwa mbele ya mahakama kwa njia ya citation directe, ambayo inafaa ikiwa unajua jina lake na anwani yake na ushahidi uko mkononi. Kwa kesi ya kamera mimi huona parke ni bora, kwa kuwa parke ina uwezo wa kukamata simu na kuagiza uchunguzi wa kifaa, mambo ambayo raia hana.

Kwa sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 kuhusu mahakama, makosa ambayo adhabu yake haizidi miaka 5 ya kifungo husikilizwa na mahakama ya amani, na yanayozidi hapo huenda tribunal de grande instance, mahakama iliyo juu yake. Ukiwa ndani ya kesi ya jinai unaweza kujiunga kama partie civile na kudai fidia hapo hapo, badala ya kufungua kesi ya pili.

Asiye na pesa ya avoka, yaani wakili, aulize ofisi ya mashauri ya bure ya baraza la mawakili. Na ukiombwa malipo mahali popote, omba risiti; anayekataa kuandika risiti amekujibu.

Nani atawajibika: mwenye nyumba, komisioneri, mlinzi, au mgeni aliyelala kabla yangu?

Yeyote aliyeweka kamera na yeyote aliyeangalia akijua anajibu kwa tendo lake. Lakini hata asiyeiweka anaweza kulipa. Kifungu cha 259 cha Kitabu cha tatu kinamwajibisha mtu kwa uzembe wake, na cha 260 kinamwajibisha kwa hasara iliyosababishwa na watu anaowatuma kazi. Mwenye nyumba ambaye mlinzi wake aliingia na kufunga kifaa kwa funguo alizompa yeye hawezi kusema kwamba jambo hilo halimhusu. Komisioneri aliyejua na kunyamaza yuko katika hali hiyo hiyo. Aliyepangisha vyumba kwa mamia ya usiku bila kuvikagua hata mara moja atapaswa kueleza hilo.

Mfano unaofundisha vizuri ulitokea Marekani. Mwaka wa 2008 mtangazaji wa michezo alirekodiwa kupitia tundu la mlango wa hoteli huko Nashville na mtu aliyekuwa ameomba kupewa chumba cha jirani naye. Mwaka wa 2016 baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya dola milioni 55, likamtwika aliyerekodi asilimia 51 na upande wa hoteli asilimia 49. Hukumu hiyo haimfungi hakimu wa Lubumbashi, na kiasi hicho ni cha huko kwao. Hoja yake ndiyo inayovuka bahari: anayepokea pesa ya kulaza watu ana wajibu wa kuangalia mlango wao.

Anataka dola 500, la sivyo atatuma video kwa familia yangu.

Usilipe. Anayelipwa mara ya kwanza hurudi, kwa maana umemwonyesha kwamba una hofu na una pesa. Usimzuie kwenye simu kabla hujapiga picha ya kila ujumbe, na usifute kitu hata kama kinakuaibisha. Nambari ya simu aliyotaka upeleke pesa ni zawadi kwa mpelelezi, kwa kuwa imesajiliwa kwa jina la mtu. Mjibu kwa maneno machache au usimjibu, kisha nenda parke siku hiyo hiyo ukiwa na simu yenyewe, si picha zake tu. Kama video imekwisha kuonekana Facebook, TikTok au kwingineko, iripoti kama picha ya siri iliyowekwa bila ridhaa, ila hifadhi kwanza anwani ya ukurasa na jina la akaunti.

Tulilala na watoto.

Sema hivyo katika sentensi ya kwanza ya mashtaka yako. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kutengeneza, kusambaza na hata kumiliki picha za ngono zinazohusu mtoto, na mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Usinakili wala usimtumie mtu yeyote picha hizo, hata avoka wako, hata kwa nia ya kuonyesha ubaya. Acha kifaa kikamatwe kilivyo.

Nilikuwa na mtu ambaye si mume wangu. Nikishtaki, si nitajishtaki mwenyewe?

Swali hili huletwa kwa sauti ya chini, na naamini ndilo linalowalinda wenye kamera kuliko udhaifu wowote wa sheria. Uzinifu ni kosa katika Sheria ya Familia, lakini haushtakiwi ila kwa malalamiko ya mwenzi wa ndoa aliyekosewa. Mwenye nyumba hana sauti hapo, wala polisi hawana ruhusa ya kuugeuza kuwa kesi kwa hiari yao. Afisa akianza kukuuliza huyo alikuwa nani kwako, una haki ya kujibu kwamba umekuja kushtaki kamera.

Kesi kwa kawaida husikilizwa hadharani, lakini kifungu cha 20 cha Katiba kinaruhusu milango ifungwe pale ambapo hadhara inaweza kudhuru utulivu au maadili mema. Avoka wako aombe hivyo mapema, kabla video haijatajwa ukumbini. Hata hivyo sitakudanganya: katika mji ambapo karani ni binamu ya jirani yako, siri ya mahakama ina mipaka, na kila mtu apime mwenyewe.

Je, naweza kuweka sura ya mwenye nyumba Facebook ili wengine wajihadhari?

Hamu hiyo inaeleweka, lakini subiri. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Adhabu kinamwadhibu kwa kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1 anayemtangazia mtu hadharani na kwa nia mbaya jambo maalum linalovunja heshima yake. Nimeona mgeni aliyekuwa na haki yote akigeuka mshtakiwa kwa ajili ya chapisho moja la usiku wa hasira, na mwenye kamera akapata kitu cha kubadilishana naye: futa kesi yako, nami nifute yangu. Kumwonya ndugu au rafiki anayetaka kupanga nyumba hiyo hiyo ni jambo jingine. Mwambie ulichokiona, bila kupamba.

Nina muda gani wa kushtaki?

Kifungu cha 24 cha Kitabu cha kwanza cha Sheria ya Adhabu kinapima muda kwa uzito wa kosa: mwaka 1 kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi mwaka 1, miaka 3 kwa yale yasiyozidi miaka 5, na miaka 10 kwa yanayozidi hapo. Kwa kuwa hujui parke itaita tendo hilo kosa gani, hesabu kana kwamba una mwaka mmoja. Kwa upande wa ushahidi una siku chache tu.

Nilirekodiwa nikiwa safarini nje ya Kongo.

Inatumika sheria ya nchi ulikolala, na polisi wa huko ndio wa kwanza. Anayelala Ndola au Lusaka anaweza kutegemea sheria ya Zambia ya kulinda data ya mwaka 2021. Nairobi kuna sheria ya namna hiyo ya mwaka 2019. Ufaransa iko wazi zaidi: kifungu cha 226-1 cha sheria yao ya adhabu kinampa aliyenasa picha ya mtu mahali pa faragha bila ridhaa yake kifungo cha mwaka 1 na faini ya euro 45,000. Shtaki kabla ya kupanda ndege na uondoke na nambari ya mashtaka. Huko Korea Kusini, mwaka wa 2019, polisi waligundua wageni wapatao 1,600 waliorekodiwa katika vyumba 42 vya moteli na kuonyeshwa moja kwa moja kwenye intaneti. Kamera zilikuwa ndani ya visanduku vya televisheni, soketi za ukutani na vishikio vya mashine ya kukausha nywele.

Nitapata fidia kiasi gani?

Hakuna orodha ya bei. Hakimu hupima kwa haki na kwa busara, kwa hiyo mpe vitu vya kupima: risiti ya nyumba, ya hoteli uliyohamia usiku ule, ya daktari, siku za kazi zilizopotea, na maelezo ya kilichobadilika katika usingizi wako na katika ndoa yako. Watu wengi hudai mamilioni ya dola wakidhani ni mazungumzo ya sokoni. Kumbuka kwamba ili hukumu itekelezwe kuna ada inayohesabiwa kwa asilimia ya kiasi kilichoamuliwa, na kwamba mdaiwa ambaye mali yake yote ni flati moja hatalipa milioni.

Mimi ndiye mwenye nyumba, na nimekuta kamera ambayo sikuiweka.

Fanya yale yale ambayo mgeni angefanya: usiiguse, ipige picha, ita OPJ, na uandikiwe prosè-vèbali. Usiitupe kwa kuogopa jina la nyumba kuharibika, kwa sababu siku video itakapojitokeza utakuwa huna kitu cha kuonyesha kwamba haikuwa yako. Mpe mpelelezi orodha ya waliolala humo, ya mafundi walioingia na ya wenye funguo, kisha badilisha kufuli. Wageni waliolala baada ya kamera kufungwa wana haki ya kujulishwa. Wapigie wewe mwenyewe, mmoja mmoja, usimwachie komisioneri kazi hiyo.